Mkia wa Jiwe Sebuleni

Tulieni kidogo, ndugu zangu. Na ninyi mliokaa karibu na dirisha, lisukumeni hilo dirisha lifungwe, ukungu unaingia na watoto wanakohoa. Neno tumelisoma, mmelisikia. Kabla sijalifafanua nataka tutembee pamoja mpaka kwenye mji mmoja ulioko milimani kama huu wetu, lakini si huu wetu, kwa hiyo msianze kutazamana.

Katika mji huo alikuwako mzee mmoja mchonga mawe. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na ameoa kwa nani, na mfano wangu utaishia hapo.

Mji ule una ukungu. Hushuka mchana, watu wakiwa wamemaliza kula, taratibu, unaanzia kwenye migomba ya juu, unafika kwenye mabati, kisha unaingia barabarani na kila kitu kinapoteza kingo zake. Mtu anayekuja unamsikia kwanza akikohoa au akiimba, ndipo baadaye unamwona. Nyumba zinabaki kama zinaelea. Na ukitembea katika ukungu huo ukainua macho, juu ya kila mlango utaona jiwe limejitokeza ukutani: kwa mwalimu, kitabu kilichofunuliwa, kwa mama muuza mbegu, suke la mtama, kwenye zahanati, njiwa aliyetulia. Yote hayo yalikuwa ya mzee wetu. Hakuna lililoinuliwa bila kamba na wanaume wenye vifua, na watu walipita chini yake kila siku na vikapu vyao na watoto wao mgongoni, bila kuinua macho. Hakuna jiwe hata moja lililowahi kuanguka.

Mnajua kwa nini? Nitawaeleza kama alivyokuwa akiwaeleza wenye nyumba. Jiwe zito kama lile hulibandiki ukutani kama picha ya kalenda. Ukilibandika kwenye lipu litakaa, ndiyo, tena litapendeza, na siku moja lipu litachoka. Kwa hiyo mzee alipochonga jiwe aliliachia mkia. Mkia ni kipande kirefu cha jiwe hilohilo ambacho hakichongwi ua wala njiwa. Alitoboa ukuta upande hadi upande, akaupitisha mkia kwenye matofali mpaka ukachungulia ndani ya sebule. Kule ndani aliuvalisha bamba la chuma, akapitisha pini nene kwenye tundu, akakaza. Na chuma chenyewe hakikuwa chuma chochote tu. Kilikuwa kile kisichoshika kutu, maana chuma cha kawaida katika ukungu ule huvimba kwa kutu na kulipasua jiwe toka ndani.

Kwa hiyo kila mwenye jiwe zuri nje alikuwa na kinundu kibaya ndani. Watu walilalamika. Unajenga nyumba, unapaka rangi, unaning'iniza pazia, halafu katikati ya ukuta wa sebule pana kitu kama goti la ng'ombe limevaa chuma. Walimwambia, "Fundi, si ukikate tu? Nje hakionekani."

Naye aliwajibu wote jibu moja, kwa upole, huku akifuta mikono. "Mgeni wako anapita chini ya jiwe. Jiwe linashikwa na hiki. Ukikichukia, mchukie na mgeni wako."

Wakacheka, wakakiacha. Wengine walikitundikia kofia.

Sasa mzee huyu alikuwa na jiwe lake pia, juu ya mlango wake mwenyewe. Lilikuwa mikono miwili, viganja vimeelekea juu, imefunguka. Alilichonga wakati binti yake wa pekee alikuwa bado anatambaa, na mikono yenyewe ilikuwa ya marehemu mama mzazi wa mzee, kwa sababu mama yule alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na kuifungua mikono hivi, hivi mnavyoniona, kabla mgeni hajasema hata hodi. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kidogo, kama chake. Katika mji ule, ukitaka kumwelekeza mtu kwa mzee, ulisema nenda mpaka uone mikono. Mgeni aliyetembea katika ukungu akiwa amechoka, akiiona ile mikono inajitokeza juu yake polepole, alijisikia amefika. Mzee aliipenda nyumba yake kwa ajili ya hisia hiyo.

Basi, binti akakua, akapata mchumba. Habari zikaja kwamba wageni wa posa watafika. Mnajua nyumba inavyokuwa wageni wa posa wanapotarajiwa. Hata paka anaonekana mchafu. Mkewe alifua vitambaa vya makochi, akanunua pazia, akapaka rangi sebule yote, rangi ya maziwa. Na katikati ya rangi ile ya maziwa, pale juu ya kochi watakapokaa wakwe, kikabaki kile kinundu na bamba lake.

Mzee alikitazama. Alikuwa amekitazama miaka yote bila kukiona, na sasa hakuona kitu kingine. Alimwona mshenga ameketi pale, anageuza shingo, anauliza hiki nini. Jibu alikuwa nalo, si ndiyo? Alikuwa amelitoa katika nyumba zote za mji. Lakini nyumba za watu alizitazama kwa jicho la fundi. Ya kwake siku ile aliitazama kwa jicho la mwenye nyumba anayetaka kusifiwa, na jicho hilo, ndugu zangu, halioni mbali.

Mkewe alipokwenda mazoezi ya kwaya, ukungu ukiwa umeziba madirisha, alichukua grainda ya kukatia mawe akaukata mkia. Alifungua pini, akaondoa bamba, akakata mpaka jiwe likawa sawa na ukuta. Vumbi lilijaa sebuleni likachanganyika na ukungu uliokuwa ukipenya mlangoni, hata akawa haoni mikono yake mwenyewe. Kisha akapiga lipu, akasugua, akapaka rangi ya maziwa. Ukuta ukawa laini kama shavu. Kipande kilichokatwa, pini na bamba alivifunga kwenye gunia akavisukuma chini ya kitanda.

Mkewe aliporudi alisimama katikati ya sebule, akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Kimekwenda wapi?"

"Nimekipunguza tu kidogo," mzee akasema.

"Lakini jiwe limeshika?"

"Limeshika."

Mkewe alimwamini. Nani asingemwamini? Ndiye aliyefunga mawe ya mji mzima. Na mzee naye, ili apate usingizi, alijiambia kwamba wageni wakishaondoka ataurudisha. Ataweka nondo mpya, atakaza bamba, mambo yataendelea. Na kweli jiwe lilikuwa limeshika. Lilishikwa na saruji iliyouzunguka mkia ndani ya matofali. Lakini alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba saruji ni hodari wa kubanwa, si hodari wa kuvutwa. Na jiwe linaloning'inia huvuta mchana na usiku, halina Jumapili.

Ndipo ndoto zikaanza. Alikuwa na kawaida ya kujinyoosha kitini baada ya chakula, ukungu unaposhuka. Alipofumba macho tu, aliiona ile mikono ya jiwe imeondoka juu ya mlango, imeingia ndani bila kelele. Haikuwa na hasira. Ilikwenda polepole, ikipapasa ukuta, ikapapasa pazia, mgongo wa kochi, kama kipofu katika nyumba ya kigeni. Ilikuwa inatafuta bega lake, ule mkia uliokatwa. Katika ndoto mzee alijua wazi inatafuta nini na kimewekwa wapi, na alilala kimya kabisa, akijifanya hayupo, mpaka viganja vile vya baridi vilipomfikia usoni, vikagusa nyusi, vikagusa mdomo, kwa upole uleule wa mama yake. Akazinduka. Sebule ilikuwa tupu, na nje migomba ilikuwa inadondosha maji.

Ndoto hiyo ilimrudia siku baada ya siku. Hakumwambia mtu. Tuseme ukweli, hata ninyi msingesema.

Siku ya posa ikafika. Katika nchi ile wana desturi moja nzuri. Wageni wa posa hawabishi hodi. Wanasimama mbele ya mlango uliofungwa na kuimba, na wenye nyumba wamekaa ndani wamenyamaza kama hawasikii. Wanaimba ubeti, kimya. Wanaimba wa pili, kimya. Kadiri mlango unavyochelewa kufunguliwa ndivyo binti anavyotukuzwa, kwa sababu watu watasema wale waliimba mpaka koo likakauka. Baba anayefungua mapema amemuuza binti yake kwa bei ya karanga. Na kwa kuwa wanaimba kwa nguvu, wanapiga na miguu chini, wote pamoja, puu, puu, kwa mpigo mmoja.

Wageni walikuja kupitia ukungu. Mzee, akiwa ndani na wazee wenzake, aliwasikia kwa mbali kabla ya mtu yeyote, sauti za wanawake zikitangulia, kisha sauti nzito chini yake, zikipanda kilima kama kitu kinachoota. Pazia jipya lilikuwa linatikisika. Binti yake alikuwa chumbani, akicheka na shangazi zake kwa sauti ya chini. Mzee alijisikia furaha, niwaambie ukweli, furaha ya kweli, mpaka wageni walipofika uwanjani na kimanyunyu kikaanza.

Hapo alisikia sauti ya mpwa wake, aliyekuwa nje kuwapokea, akisema kwa heshima zote: "Bibi asiloane. Mwekeeni kiti hapa chini ya mikono, hapa pakavu."

Alikuwa bibi wa bwana harusi. Mwanamke mzee sana, walimleta kwa gari mpaka chini ya kilima, kisha wakampandisha wamemshika mikono. Mzee alisikia miguu ya kiti ikiwekwa, akasikia bibi akishukuru na kukohoa. Akawaza mahali kiti kilipo. Hakuhitaji kuona. Alijua kila inchi ya mahali pale, maana ndipo alipokuwa akisimama kutazama jiwe lake.

Wakaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza ulikwenda polepole. Mzee alikuwa anautazama ukuta. Ule ukuta laini wa rangi ya maziwa, juu ya kochi, palipokuwa na mkia, ulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Hakuuona asubuhi. Miguu ilipopiga chini, puu, mstari ukasonga. Ulipofika pembeni ukapinda, ukashuka, na ubeti ulipokwisha ulikuwa umechora upande mmoja na nusu wa mraba.

Kimya. Wazee wenzake walikuwa wanatabasamu, wamekunja mikono. Mmoja alimnong'oneza, "Waache waimbe. Usiwaonee huruma."

Mzee akawaza. Ubeti mmoja tu. Nikingoja ubeti mmoja, nitafungua kwa heshima, bibi atainuliwa, ataingia, na jioni hiihii nitaegemeza mbao. Hakuna atakayejua. Nikifungua sasa watauliza kwa nini. Nikisema kwa nini, kila mtu katika mji huu atakwenda kugusa ukuta wake akijiuliza kama la kwake nalo nimelikata. Na binti yangu ataolewa kutoka katika nyumba ya mwongo.

Ngoja niwaulize, na msinijibu haraka. Ubeti mmoja ni kitu gani? Mara ngapi tumesema hivyo hivyo? Acha kwanza msiba upite, nitamwomba radhi. Acha kwanza watoto wamalize shule. Acha kwanza Krismasi.

Wakaanza ubeti wa pili, na huu waliuimba kwa nguvu zaidi. Mzee alisema baadaye kwamba hakujua kama alisinzia. Sauti zilikuwa zimejaa chumba, ukungu ulikuwa umeingia chini ya mlango, na ile mikono ikaja tena. Aliiona inapapasa ukuta, ikipanda, ikatulia juu ya ule mraba na kusukuma, vidole vimetanuliwa. Alikuwa akiitazama kwa muda kabla hajaona kwamba ni ya nyama. Ilikuwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amesimama juu ya kochi jipya na viatu vyake, amekandamiza viganja kwenye rangi ya maziwa, anazuia ukuta. Na chini ya viganja vyake, kila miguu ilipopiga, alisikia jiwe linaondoka, kidogo, kidogo, kama mtu anayevuta shuka upande wa pili.

Wazee walikuwa wameacha kutabasamu. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni anamtazama, na mama yule akaelewa yote, bila kuambiwa neno.

Mzee akashuka. Akatembea mpaka mlangoni, akaufungua katikati ya ubeti.

Wimbo ulikatika. Walimwona baba wa binti, peke yake, vumbi jeupe viganjani, uso umempauka.

"Ondokeni hapo," akasema. "Tafadhalini. Bibi, samahani, nakushika." Akamkumbatia yule mwanamke pamoja na kiti chake, akambeba mpaka katikati ya uwanja, kwenye mvua.

Mshenga alikuwa mtu wa heshima zake. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mzee, tumekosea nini? Hata ubeti wa pili hatujamaliza. Hata kama hamtutaki, hatufukuzwi hivi mbele ya watu."

Mkewe alikuwa amemfuata nyuma. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa huruma, kama mtu anayempa mwenzake kijiti cha kushika: "Sema ni mvua. Sema bibi ataloa, waingie tu."

Tazameni alivyopewa mlango wa kutokea. Mvua ilikuwepo kweli. Asingesema hata uongo kamili. Mzee akamtazama mkewe, akamtazama binti yake ambaye alikuwa ametokea kwenye pembe ya nyumba, na kitenge chake kipya, analia bila sauti kwa sababu alidhani posa imekwisha.

"Jiwe hili halina mkia," mzee akasema. "Niliukata mimi, ili sebule ipendeze mbele yenu. Nimewakalisha chini yake huku najua."

Watu wote wakainua macho. Mikono ilikuwa pale juu, katika ukungu, imefunguka, na maji yanakusanyika kwenye viganja na kudondoka. Wakaitazama.

Jiwe halikuanguka.

Naziona nyuso zenu. Mmesikitika. Mama wa pale mbele ameshusha pumzi kama aliyenyimwa chai. Mlikuwa mnalingoja lianguke, sivyo? Tangu nilipotaja grainda mlikuwa mnalingoja. Mlitaka mshindo, mlitaka mzee aaibike, ili mwende nyumbani mkisema aliyataka mwenyewe. Na bibi je? Mlikuwa mmemsahau bibi. Ndivyo tulivyo, jamani. Tunamjua fulani amekata mkia wake, tunapita mbali kidogo, tunangoja mshindo, wala hatujiulizi nani ameketi pale chini.

Sasa sikilizeni yule bibi alivyofanya. Alikaa kwenye kiti chake katikati ya uwanja, anaangukiwa na manyunyu, akafikiri. Kisha akauliza, "Kuna mlango mwingine?"

"Upo wa jikoni, Bibi," binti akajibu. "Lakini wageni wa posa hawapitishwi jikoni. Ni aibu."

"Mlango wa mbele ni wa wageni," bibi akasema. "Mgeni ndiye anayeonyeshwa ukuta mzuri. Baba yako ametuonyesha ufa wake kabla hata hajatupa maji ya kunywa. Nishike mkono, mjukuu wangu. Sisi si wageni tena hapa."

Akamwita mjukuu, na mshenga alikuwa bado hajasema neno moja la posa. Akapita jikoni, katikati ya masufuria na moshi na akina mama waliokuwa wanamenya ndizi na hawakujua pa kuweka visu. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mshenga akaja wa mwisho, ameshika kofia.

Hawakula kwanza. Wanaume wa pande zote mbili walitafuta mbao na kamba, wakaegemeza nguzo chini ya jiwe, wakalifunga ili walishushe. Mzee alikuwa amewaambia watahitaji nyundo na tindo, kwa sababu saruji yake ilikuwa nzuri. Hawakuhitaji. Walipokaza kamba kidogo tu, jiwe lilitoka ukutani kama jino la mtoto. Lilitoka lote, na kile kipande cha mkia kilichobaki, kimelowa, na ndani ya tundu paliingia mwanga mpaka sebuleni.

Wakalilaza kwenye nyasi. Mzee hakulitazama jiwe. Alitazama pale chini ya mlango, kwenye udongo uliolowa, palipokuwa na vishimo vya miguu ya kile kiti. Vilikuwa vimeanza kujaa maji. Alichuchumaa mbele ya vishimo vile akalia, mtu mzima, mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alilipa, msidhani hakulipa. Habari zilishuka kilima siku ileile. Kesho yake mwalimu alikuwa mlangoni: na kitabu changu je? Mzee akaenda nyumba hadi nyumba, akaweka kiganja kwenye kila bamba, akakaza kila pini mbele ya macho ya mwenyewe, na wako wanaomwangalia kwa shaka mpaka leo. Mikono aliirudisha. Aliunga mkia mpya wa vyuma visivyoshika kutu, akavishindilia mpaka ndani ya mwili wa jiwe, akavipitisha ukutani, akaweka bamba kubwa kuliko la kwanza. Hakulipaka rangi. Siku ya harusi bibi aliingia, kwa mlango wa mbele safari hii, akatafuta pa kuweka kikapu chake, akakitundika pale kwenye pini juu ya makochi, akakaa chini yake kama malkia. Na mchana mzee alipojinyoosha kitini hakuota kitu chochote.

Wapendwa, mfano umekwisha. Sasa ni sisi.

Sisi tuna mawe juu ya milango yetu. Wewe watu wanakuita mtu wa maombi. Wewe mzee wa kanisa, wewe mama mshauri, wewe kijana ambaye kila mtu anasema ana adabu. Ni mawe mazuri, siyadharau. Lakini jiwe la nje linashikwa na kitu cha ndani, na cha ndani hakivutii. Ni kumwambia mkeo nisamehe, jikoni, bila shahidi. Ni kusali ukiwa umechoka, na hakuna anayekusikia hata wewe mwenyewe hujisikii vizuri. Ni kukubali kuulizwa na mtoto wako, baba, mbona ulisema hivi na umefanya vile. Hicho ndicho kinundu. Kinaharibu sebule, na siku tunapopata wageni wakubwa tunakikata, tunapiga lipu, tunapaka rangi ya maziwa. Na kwa muda tunaonekana vizuri kuliko tulivyokuwa kabla.

Siwaulizi kama jiwe lako litaanguka. Sijui. La mzee halikuanguka. Nawauliza nani ameketi chini yake. Maana hatukai chini ya jiwe la mtu tunayemshuku. Tunakaa chini ya jiwe la mtu tunayemwamini, tena mvua ikinyesha ndipo tunamkimbilia. Mwanao ameweka kiti chake pale. Mjane uliyemwahidi ameweka kiti chake pale. Kuna mtu ameokoka kwa sababu yako, naye amekaa hapo chini, anaimba.

Na ubeti wa pili umeshaanza.

Mwenye kufungua afungue. Siombi mnyooshe mikono, wala sitawaita mbele kila mtu awatazame. Nimemwomba mtunza kanisa afanye jambo moja. Tukimaliza kuimba, mlango mkubwa utabaki umefungwa, wageni wetu mtatuwia radhi. Tutatoka kwa ule mdogo wa nyuma, unaopita jikoni, akina mama wanapochemsha chai. Ni mwembamba. Tutapita mmoja mmoja, na tutapita karibu karibu. Yule ambaye una neno naye atakuwa mbele yako au nyuma yako, kwenye moshi, hatua moja tu. Mwambie hapo.

Tusimame.